Makapi Yetu Yamepata Wenyewe

Ni mimi niliyewaonyesha njia watu wa mradi. Nianzie hapo, maana wanawake wenzangu wananisema kila siku kwenye robine, tukichota maji, na hawasemi uongo.

Kabla ya mradi tulikuwa wanawake saba kwenye mashini ya kukoboa mpunga, hapa Uvira. Mpunga ulitoka vijiji vya Kiringye na Katogota, ukakobolewa, sisi tukapepeta mchele wa mwenye mashini. Hakutulipa hata franga moja. Malipo yetu yalikuwa kile kinachobaki. Pumba tulilisha nguruwe. Makapi tuliyabeba kichwani mpaka kwa mchoma matofali, akayatia kwenye tanuru badala ya kuni, naye akatugawia majivu ya shamba na matofali yaliyovunjika. Jiko langu nilijenga hivyo. Mwenye mashini mwenyewe alikuwa akitubembeleza tuondoe ule mlima wa makapi, kwa sababu vumbi lilimkohoza.

Kisha akaja bwana wa mradi wa kuunganisha viwanda, taka ya huyu iwe mali ya yule: viatu vyeupe, tableti mkononi. Akauliza nani anajua Kifaransa. Nilimaliza sekondari mimi, diploma iko ndani ya sanduku chini ya nguo za mtoto. Nikanyanyua mkono kama bado niko darasani. Siku tatu nilimtembeza, mtoto mgongoni, nikimweleza nani anatupa nini na nani anakitaka. Akachora. Alipokosea mshale wa majivu, nikamsahihisha!

"Mama, weye uko injenieri," akasema.

Nikacheka mpaka magego yakaonekana. Mjinga mimi.

Kwenye mkutano walikuja mwenye mashini, mwenye tanuru, na mwenye kiwanda kidogo cha chakula cha mifugo. Mchoro ulibandikwa ukutani. Mashini, mshale, tanuru. Mashini, mshale, kiwanda. Nikatafuta sisi tuko wapi. Tulikuwa ule mshale.

"Na siye benye kubeba?" nikauliza.

"Mama, kamio itabeba. Sasa mutapumuzika."

Watu wakalipigia makofi hilo lori. Tulipumzika kweli. Wiki iliyofuata tulikuta geti limefungwa, na kupepeta kumepewa mashini mpya.

"Makapi ni ya muungano wa makampuni," mlinzi akatuambia. "Minye niko mutumishi tu, musinitukane."

"Jana ulikula mandazi yetu," mmoja wetu akamjibu, "leo takataka iko na benyewe?"

Bila pumba, nguruwe wangu wawili walikonda. Niliwauza haraka, mnunuzi akiuliza kama hiyo ni nguruwe ao ni mbuzi. Wale nguruwe ndio waliokuwa shule ya mtoto wangu wa kwanza. Sasa anashinda nyumbani, anachora herufi kwenye vumbi, na akiniuliza anarudi lini darasani ninamfokea, yeye ambaye hana kosa.

Mvua zilipoanza, tanuru likagoma. Matofali yalitoka mabichi katikati. Wapakiaji wa kamio walikuwa wanachota makapi ya juu, yaliyolowa. Sisi, enzi zetu, tulikuwa tukifukua ndani ya mlima, tukayaanika, tukapepeta lile vumbi laini linalozima moto, ndipo tukabeba. Hilo sikumwambia bwana wa mradi. Hakuuliza.

Akaja nyumbani kwangu, matope mpaka kwenye soksi. Nilikuwa namwogesha mtoto mdogo.

"Mama, mulikuwa munafanya namna gani makapi ikawaka?"

"Muturudishe kwa mashini, tutafanya siye benyewe."

"Hiyo haiko mu bajeti. Eleza tu, tutakuandika mu raporo."

Wataniandika kwenye ripoti yao! Mtoto wangu atakula raporo?

"Papa, minye nilishaeleza mara moja. Inatosha." Nikamwaga maji ya sabuni. Sikulenga miguu yake, lakini sikuikwepa pia.

Akaondoka. Jirani yangu, niliyepepeta naye miaka yote ile, alikuwa amesikia yote nyuma ya uzio. Akaingia bila hodi.

"Dada, ungemuambia. Labda angerudisha hata babili."

"Babili gani?"

Akatazama chini. "Weye na minye."

Nilitaka kumtukana. Nilisimama na beseni tupu, mtoto analia kwa baridi, na mimi, na hasira zangu zote, nikawa napima kama nikikimbia nitamkuta yule bwana kabla hajafika barabarani. Wale wengine watano wangejua kabla jua halijazama.

Sikukimbia. Jirani hajanisemesha tangu siku ile.