Kisabo Nilichokisugua kwa Sabuni

Ipo siku moja naikumbuka kila nishikapo sabuni ya kufulia, mwanangu. Nilikuwa nimerudi likizo kijijini kwetu, njia ya Isaka, kichwa kimejaa baiolojia ya kidato cha tatu. Tulifundishwa mengi kuhusu bakteria, mimi nikatoka na moja tu, kwamba huleta maradhi.

Bibi aliyenilea alikuwa na kisabo, kile kibuyu chetu Wasukuma cha maziwa ya mgando. Kilikuwa cha mama yangu, aliyefariki nikiwa mdogo. Bibi hakukimaliza kamwe. Kila mara alibakiza maziwa kidogo chini yawe chachu ya mapya, na chachu ile aliianzisha mama. Mimi niliona ukoko na harufu tu. Bibi alipokwenda msibani nikamwaga yote, nikakisugua kwa sabuni na maji ya moto.

Aliporudi nikamhutubia. Seli, vimelea, maambukizi, nilimimina yote kwa pumzi moja, msomi mimi. Bibi akachungulia ndani ya kisabo, akakaa chini. Hakunigombeza. Alitokwa machozi, nayo yaliniuma kuliko fimbo.

"Kabula," akasema, "maneno yako makubwa, hayaniingii. Yakate. Lakini hicho ulichomwaga kilikuwa mkono wa mama yako."

Maziwa tuliyotia siku ile yalioza, na ya kesho yake pia. Siku ya tatu akaja jirani yetu Mama Salma, mke wa dereva wa lori, na nusu kikombe cha mgando.

"Bibi yako alinigawia chachu mwaka niliohamia hapa," akaniambia. "Sijaiacha ife. Shika, mwanangu, ni ile ile ya mama yako."

Nusu kikombe tu, na kufikia Jumapili kisabo kilikuwa kimejaa.

Baadaye nikawa fundi wa maabara Geita, na huko ndiko nilikojifunza yaliyokuwa yakitendeka kibuyuni. Bakteria wa mgando hawezi kumeza protini ya maziwa nzima nzima, ni kubwa mno kwake. Huikata kwanza akiwa nje, bandu bandu huisha gogo, mpaka vibaki vipande vifupi viitwavyo peptidi. Kwenye utando unaomzunguka zimo protini za kupokea mizigo. Moja hudaka kipande na kukikabidhi mlangoni. Mlango hutumia nguvu kidogo, hufunguka kwa ndani, kipande kikapita, nao ukajifunga. Humo ndani hukatwa tena kikawa chakula chake. Kumbe mdudu niliyemsugua alijua alichoniambia Bibi, kwamba kikubwa hukatwa kwanza ndipo kiingie. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia, maana Bibi alikuwa ameshatangulia na sikuwa na wa kumsimulia.

Sasa nimestaafu, nakusimulia wewe. Usimwage usichokijua, uliza kwanza nani alikianzisha. Ukirudi nyumbani na elimu yako, ikate vipande vinavyopita kwa anayekusikiliza, na umngoje afungue mwenyewe. Na chema ulichonacho kigawe mapema, kwani siku mikono yako itakapokosea, utakikuta kwa jirani. Mungu akupe moyo wa kugawa, mwanangu, na chini ya kisabo chako pasikose cha kuanzia tena.