Mbu Wanaoinua Mkia

Kazi yangu hapa Kisumu ni kuwalisha mbu damu ya mijusi. Wanaocheka nawaacha wacheke. Kazi ni kazi. Mijusi wengine wana vidudu kwenye damu, nasi tunataka kujua ni mbu gani anayevipokea. Mbu wakishanyonya mjusi mgonjwa, tunangoja, kisha tunawapasua chini ya darubini. Kuleksi, yule mbu wa mitaro anayetua bapa ukutani, tumbo lake hujaa vidudu kama gunia la maharagwe. Anofelesi, yule anayeinua mkia, hana kitu. Vidudu vya mjusi hufa ndani yake.

Haya niliyasimulia mezani, nyumbani kwetu Migosi. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, hodari wa kusikia nusu ya jambo na kulifundisha lote. Nampenda, lakini ndivyo alivyo.

Wiki mbili za joto na mvua nilikwenda upande wa Awasi kukamata mijusi, nikamwachia mume wangu binti yetu mdogo. Niliporudi asubuhi nilimkuta mtoto amelala, hataki uji, hataki kubebwa. Mwili ulichoma. Juu yake chandarua kilikuwa kimefungwa fundo, hakimfuniki.

"Baba, nani amefunga neti?" nikamuuliza mume wangu.

"Ni mimi. Joto ilikuwa mingi, mtoto analia. Lakini ukuta nilikuwa naangalia kila asubuhi, Mama. Zile za kulala bapa nimeua zote. Zimebaki tu zile zako za kuinua mkia, zile vidudu hukufa ndani."

Alisema hivyo akingoja nimsifu. Niliogopa hata hasira ikachelewa kuja.

"Nilisema vidudu vya mjusi," nikamwambia. "Malaria ya watu ni hao ndio wanabeba."

Alimfunga mtoto kwa leso, akatoka mbio kutafuta pikipiki.

Niligeuka kuchukua kadi ya kliniki. Ukutani, karibu na mto, walikuwa wametulia, mikia juu, matumbo mekundu. Niliwaponda kwa kiganja. Damu ilikuwa bado mbichi, na nilijua ni ya nani. Ndipo nikamsikia mume wangu akipiga kelele barabarani: degedege imemshika mtoto.

Mtoto alinusurika. Lakini yale maneno machache aliyokuwa ameanza kusema hayajarudi, na baba yake kila asubuhi bado anakagua ukuta.