Josiane na Mzee Aliyewafungia Wageni Mlango wa Kanisa

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mto Lot, na Josiane Cabrignac anafuta vioo vya basi lake dogo kwa gazeti la jana. Abiria wake wa leo ni mume na mke kutoka Ubelgiji na akina dada watatu kutoka Lyon. Wamesimama nje ya stesheni ya Cahors, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kila mmoja na kahawa yake mkononi.

"Mmekunywa? Mmekojoa? Haya, pandeni," anawaambia. "Tunakokwenda kuna historia ya miaka mia tisa, lakini choo hakuna."

Wanapanda wakicheka.

Kazi ya Josiane, mwenye umri wa miaka 57, ni kuwapeleka wageni mashambani wakaone ngome na makanisa ya kale, kisha kuwarudisha mjini jioni. Zamani aliendesha basi la wanafunzi. Watoto walipopungua vijijini na shule ya mwisho ya bonde lao kufungwa, njia yake nayo ikafutwa.

"Mume wangu aliniuliza, 'Nani atatoa pesa aonyeshwe mawe?'" anasimulia huku akikata kona. "Nikamwambia, 'Wewe unalipa kuangalia wanaume wakifukuza mpira.'"

Kituo ambacho wageni hukiulizia zaidi ni kanisa dogo la Saint-Avre. Ukutani mna mchoro wa mwanamke anayecheka, kinywa wazi, meno nje. Watakatifu wote waliomzunguka wamenuna. Anacheka nini, hakuna ajuaye.

Lakini mwaka jana nusura kanisa hilo limpotezee kazi.

Ufunguo wake hukaa jikoni kwa Fernand Delpech, mfugaji wa kondoo mwenye miaka 79. Kabla yake uliwekwa na baba yake, na kabla ya hapo babu yake. Ili kufika kanisani lazima upite malishoni kwake. Siku moja ya Juni, mgeni mmoja wa Josiane aliacha lango wazi. Kondoo wakatoka hadi barabarani, lori likaja. Dume bora wa Mzee Delpech akafa pamoja na majike wawili.

Josiane alitaka kulipa. Mzee akakataa.

"Kondoo wangu wafe ili watu wapige picha?" alimwambia. "Ufunguo umelala, binti yangu. Usije kuuamsha."

"Angenitukana ningeona afadhali," Josiane anasema. "Alinifungia mlango polepole, kama mtu anayefunika mtoto."

Kiangazi kile abiria walighairi safari walipoambiwa kanisa halifunguliwi. Wakala wa utalii mjini akaliondoa tangazo lake dirishani. Wiki nyingine basi halikutoka kabisa.

Majira ya baridi alirudi Saint-Avre peke yake. Hakutaja ufunguo. Jikoni kwa mzee, alielekeza kidole dirishani, ambako ngome ya Montbrel inaonekana ng'ambo ya mto.

"Mzee, umewahi kuingia mle?"

"Nikafanye nini? Babu yangu alipeleka kondoo kwa mlango wa nyuma. Hakuvuka jikoni."

"Na wewe hujawahi kutaka kujua kuna nini baada ya jikoni?"

Machi, safari za ngomeni zilipoanza tena, mzee alimsubiri barabarani amevaa koti lake la Jumapili, akaketi kiti cha mbele.

Mle ngomeni aliuliza maswali kuliko abiria wote. Kuni zilipandishwa ghorofani na nani? Moshi ulitokea wapi? Walipofika chumba cha kulala cha mabwana wa zamani, akavuka kamba na kubonyeza godoro kwa mikono miwili.

"Wee bwana!" mlinzi alifoka. "Kamba huioni?"

"Naiona," mzee akasema, uso umemwiva. "Nilitaka tu kujua wamejaza nini humu."

"Nilicheka hadi nikaegemea ukuta," Josiane anakumbuka. "Baadaye nikaogopa. Nikajua sasa nimemwaibisha, basi tena."

Njiani kurudi, walipofika darajani, mzee alimgeukia.

"Yule mgeni wako wa lango," akasema, "alikuwa anaangalia nini?"

"Mnara wa kanisa, Mzee. Tangu ashuke hakuinamisha kichwa."

"Mh. Mjinga." Akatazama mto. "Kama mimi."

Hakuahidi lolote. Wiki iliyofuata akampigia simu. Alikuwa amefunga springi langoni, lango lijifunge lenyewe. "Walete," akasema. "Lakini nitasimama nao."

Leo amesimama nao kweli, kofia mkononi. Mmoja wa wale dada wa Lyon ameinua macho ukutani.

"Anacheka nini, Mzee?"

"Babu alisema alimwona padri akijikwaa. Marehemu mke wangu alisema anawacheka wanaume, wote."

"Na wewe?"

"Namwangalia tangu utotoni, mama. Bado namuuliza."

Wakati wageni wanakula mkate na jibini ya mbuzi kivulini, Josiane ananieleza mpango wake. Majira ya baridi, wageni wakishaondoka, anataka basi libebe wenyeji, watu waliozaliwa bondeni humu na hawajawahi kuonyeshwa chochote. Ameanza na nyumba ya wazee ya kijiji jirani, akawauliza wangependa kwenda wapi. Alitarajia wangetaja Montbrel.

"Bibi mmoja, Odette, ana miaka 91. Ameniambia hataki ngome. Anataka kinu cha kusaga kilichoendeshwa na maji, alikofanya kazi akiwa msichana, huko msituni juu ya kijito. Nimeendesha basi bondeni humu maisha yangu yote, na kinu hicho sijawahi hata kukisikia."

Anakung'uta makombo kwenye sketi yake.

"Kwa hiyo Novemba yeye atakaa mbele anielekeze. Na mimi nitauliza maswali."