Posa ya Kitabu Changu

Kazi yangu ni kuwasemea waandishi. Nakaa Dilala, mtaa wa Kolwezi, kwenye nyumba ya zamani ya kampuni ya shaba, na watu wa Kolwezi wakimaliza kitabu hunipa nikawatafutie mchapishaji Lubumbashi au Kinshasa. Ni kama msemaji wa posa. Kwetu mwenye kuoa hukaa kimya kitini, na msemaji wake ndiye anayemsifu na kubishana na wakwe. Mdomo huo ninao. Mimi hata msibani sinyamazi.

Basi na mimi nikaandika kitabu, maisha ya baba yangu aliyetoka Kasai kuja kuchimba shaba. Macho yake yanafifia, na nataka akisome mwenyewe kabla hayajazimika. Lakini kinyozi hajinyoi. Nikamwandikia wakala mwenzangu, mama mmoja wa Lubumbashi, anisemee.

Tangu hapo sikutulia. Waandishi wangu huwa nawaambia, kazi yako imekwisha, kalale. Mimi nilikuwa natoa simu mfukoni hata juu ya pikipiki, mpaka dereva akaniuliza kama nina mgonjwa. Nikaisoma tena barua yangu kutafuta kosa, na kosa nikaliona. Kwa mazoea ya kazi nilikuwa nimeandika kana kwamba namsemea mtu mwingine: mwandishi wangu ni mtu hodari, mtulivu. Jina sikuweka, maana huwa siweki mpaka tupatane, nisije nikanyang'anywa mtu.

Aibu ilinishika. Nikimwambia ukweli ataniona tapeli, na kitabu cha baba kitakufa kwa ajili ya kiherehere changu. Nilizunguka uani mpaka mke wangu akanifukuza. Nikatoka barabarani, na hapo simu ikalia.

Yule mama alisema kitabu amekipenda. Ila kabla ya kukichukua alitaka kujua jambo moja.

"Tata, uyu mwandishi yako, atajua kunyamaza wakati mi naongea na benye kuchapa?"

Nilitafuta uongo, nikaukosa.

"Mama, uyo mwandishi njo mi mwenyewe."

Pikipiki zikapita, nami nikashindwa kusimama mahali pamoja.

"Basi anza sasa kunyamaza," akasema.

Akaanza kunisomea maneno atakayowaambia wachapishaji. Mwanzoni tu akakosea jina la kijiji cha baba. Neno la kumsahihisha lilishafika mdomoni. Nikayakumbuka yale macho ya baba, nikauma ulimi.