Leo nimekipa shikamoo kipande cha chuma

Leo nimekipa chuma shikamoo mbele ya bosi wangu, na akili zangu timamu.

Nafanya usafi kwenye klabu ya kulenga shabaha hapa Dubai. Bosi, tunamwita Sir, aliniita nikafute meza kwenye chumba cha kujazia baruti kwenye maganda ya risasi. AC imekausha hewa mpaka baruti inang'ang'ania faneli ya plastiki. Kwa hiyo kafunga bamba la chuma mlangoni, uliguse kwanza ili umeme wa mwilini utoke, usije ukaruka cheche ukawasha baruti.

Kabla hajamaliza kunieleza, mkono ulishaenda wenyewe. Mdomo nao ukasema, "Shikamoo."

Akauliza naongea na nani.

Ningeanzia wapi, jamani?

Marehemu baba alikuwa na gobore la kufukuzia ngiri shambani. Mlangoni kwake alichomeka nondo ardhini. Siku anaposhughulika na baruti hatukuingia bila kuishika na kuiamkia. Sisi watoto tulidhani ni adabu tu. Yeye yuko ndani, anaitikia kwa niaba ya nondo.

Kwenu mlifundishwa kuamkia nini? Niambieni, nisijione peke yangu.

Maana leo nilisimama pale, mkono kwenye bamba, nasubiri marahaba.

Sir akasema, "Yalla, ingia."