Vyungu vya Harusi na Asilimia Ishirini

Sipendi kuisimulia hii, maana hadi leo nikipita ufukweni watu wananiita Bwana Hewa, na mimi hata kusoma matangazo kanisani naogopa. Lakini hasira haijaisha, basi sikilizeni.

Mama yangu ni mfinyanzi. Alikuwa ameahidi vyungu vya kupikia harusi huko Talatala, na siku ya kuvichoma akina mama walikwisha kuvipanga juu ya kuni na kuvifunika kwa nyasi kavu (kwetu hatuna tanuri, tunachomea pale pale mchangani), wakabaki wanatazama mawingu mlimani. Mama akaniuliza mbele ya wote, "Simu yako inasemaje?"

Simu ilisema uwezekano wa mvua ni asilimia ishirini. Sasa akina mama wote wananikodolea macho, ningeanzaje kueleza asilimia? Nikachagua neno jepesi.

"Hainyeshi."

Wakawasha. Moto ulipokolea, mvua ikashuka kutoka mlimani kama imetumwa, vyungu vikaanza kupasuka, pa! pa!, mama anapiga kelele, mimi nikakimbia nikavuta turubai ambalo jirani alikuwa ndiyo kwanza amefunikia usipa wake, dagaa wa ziwani, nikalitupa juu ya vyungu. Turubai la plastiki, jamani, juu ya moto! Likayeyuka, likagandia hata vile vyungu vichache vilivyopona, na usipa wa watu ukalowa wote.

"Ndaga fijo!" jirani akanishukuru kwa kejeli, huku anaokota samaki matopeni. "Asante sana, mwanangu! Ulisoma simu au ulisoma ndoto?"

Watu wakacheka hadi wakakaa chini.

Kinachoniudhi ni kwamba baada ya mvua kila mtu alikuwa ameijua tangu asubuhi. Shangazi eti goti lilimuuma. Mbona goti hilo halikusema kabla ya kiberiti? Na simu wanaitukana bure, haikudanganya. Ilisema katika siku kumi za namna hii, mbili hunyesha, na yetu ikawa mojawapo. Kwa mtu anayeanika nguo, mbili ni chache. Kwa mwenye vyungu vya harusi mchangani ni nyingi mno.

Harusi ilipikiwa kwa masufuria ya kuazima.

Sasa nikiulizwa nasema namba yote kama ilivyo, polepole, hata wakinicheka. Anayetaka uhakika akachomee vyungu vyake chumbani.