Chubwi la Mzee Barafu

Chubwi, ile risasi ya kuzamisha ndoano, likifungwa vibaya, samaki anajua kabla yako. Hilo nilifundishwa na Mzee Barafu, ambaye kwa miaka tisa amenifungia mishipi ya kuuza dukani kwangu, karibu na geti la bandari. Jina la Barafu alitoka nalo kiwandani, alikobeba mapande ya barafu miaka thelathini, glavu zikiwa zimetoboka vidoleni. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani. Ilichelewa dakika kumi tangu siku ya kwanza, na hakuwahi kuirekebisha. Anasema hana tena pa kuwahi.

Kazi yake iko hivi. Anayeyusha risasi kwenye kopo, juu ya jiko la mkaa la bintiye, fundi cherehani anayeishi naye. Anaimimina kwenye kibao cha udongo chenye vishimo, na kila kishimo amekisimamishia kipande cha spoku ya baiskeli. Risasi ikipoa anachomoa spoku, chubwi linabaki na tundu katikati. Mshipi unapita tunduni, unavishwa ushanga mmoja ili chubwi lisigonge fundo, kisha unafungwa kwenye pete ndogo inayozunguka. Upande wa pili wa pete kuna mshipi mnene wa urefu wa mkono, na ndoano. Ukirusha, chubwi linalala mchangani. Samaki akivuta chambo, mshipi unateleza ndani ya tundu, hasikii uzito wowote. Anadhani amepata cha bure.

"Na watu hunaswa hivyo hivyo," Barafu husema. Sibishi, maana mimi ni mfanyabiashara.

Jumamosi moja dereva wa lori la taka, mteja wangu wa siku nyingi, aliweka kipande cha mshipi juu ya kaunta.

"Mama Duka, hii ni mara ya tatu. Samaki ananiaga, anaondoka na ndoano, chubwi na kila kitu."

"Labda unavuta kama unavuta lori."

"Lori halijawahi kunikatikia."

Nikakitazama. Mwisho wake ulikuwa na manyoya kama kamba ya katani, urefu wa shibiri nzima. Jino la samaki hukata mara moja, halisugui. Nikachukua mshipi mpya rafuni, nikaupitisha mbele na nyuma ndani ya chubwi mara kumi, nikauvuta kidogo tu. Ukakatika mkononi mwangu, mbele ya mteja. Mdomo wa tundu ulikuwa na meno.

Nikampa dereva mshipi wa kiwandani, nikafunga duka, nikabeba pakiti zote za Barafu zilizobaki. Sikuenda kwa huruma. Duka langu lina mlango mmoja, na mteja akiupita kwa hasira harudi.

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yao, miguu ameinyoosha, kopo la risasi likipoa pembeni ya jiko. Ndani, cherehani ya bintiye ilikuwa ikinguruma.

"Mzee wangu, haya matundu unayasafisha?"

"Kila moja. Nalipitishia msasa, kisha kidole."

"Kidole kinasemaje?"

"Kinasema ni laini."

Nikampa mshipi na chubwi, nikamwambia avute mara kumi. Alivuta polepole, akihesabu kwa midomo. Mara ya nane ukakatika. Akabaki na vipande viwili mkononi, akivitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Kisha akaokota kaa la moto kwa vidole viwili, akaliweka kwenye ukingo wa jiko bila haraka. Ndipo nikaelewa. Barafu ya kiwandani ilikuwa imeviua vidole vile polepole. Ilikuwa tu haijamwambia mtu.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana havisemi kitu. Nikawa navisemea mimi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nimechoka, mama. Lakini nikiacha, nitakuwa mzee wa kuwekewa sahani na kutazamwa nikila. Binti yangu hatasema neno. Hilo ndilo baya."

"Fundo unafungaje bila vidole?"

"Fundo nalifunga kwa macho na meno. Tundu sina jicho la kuingiza humo."

Nilimwambia ukweli: matundu yale siyachukui tena, hata moja. Lakini fundo lake halijawahi kurudishwa dukani, na fundo la namna hiyo sitalipata kwingine kwa bei yake. Nikatoa kalamu ya wino niliyokuwa nimeichomeka kwenye nywele, nikavuta mrija wake uliokwisha wino, nikauingiza kwenye tundu la chubwi. Ukakaa.

"Mshipi upite humo ndani. Hautagusa risasi."

"Unataka kulivalisha chubwi langu suruali?"

"Nataka lisitembee uchi dukani kwangu."

Hakucheka. Aligeuza lile chubwi mkononi kwa muda mrefu, cherehani ikanguruma na kunyamaza mara mbili.

"Utalegea," alisema mwishoni. "Utateleza utoke. Lazima miisho ipanuliwe kwa msumari wa moto." Akavuta pumzi kama mtu aliyeambiwa apande ghorofa nyingine. "Niletee kalamu zilizokwisha. Shuleni hutupa nyingi."

Ijumaa iliyofuata alileta mwenyewe pakiti kumi na mbili, akaketi kwenye stuli yangu bila kukaribishwa. Nilizijaribu zote mbele yake, mara ishirini kila moja, wala hakukasirika. Alikuwa ameegemea rafu, macho yamefumba.

Dereva wa lori akaingia. Akaokota mshipi mmoja, akauchungulia.

"Mama Duka, chubwi hili lina mrija wa kalamu."

"Limesoma," akajibu Barafu bila kufungua macho.

Dereva akachukua mitatu. Nilipogeuka kumwambia mzee kwamba wiki ijayo nataka pakiti ishirini, alikuwa amekwisha lala, mikono imefunguka mapajani. Nikamwacha kidogo. Stuli nilikuwa siihitaji mpaka saa tisa.